Dawa ya Bega Msimu wa Mpunga

6 Januari

Mume wangu Amisi amesema hasira zangu niziandike, nisizimwage uani, maana majirani wamechoka na sauti yangu. Ameniletea na daftari. Basi naandika. Mimi ni Waridi, hapa Kasongo wananiita Mama Yassine, na leo nimekasirishwa na bega langu la kulia, na dokta, na mtu wa farmasia, kwa mpangilio huohuo.

Bega linaniuma tangu palizi, na mpunga unaiva. Dokta wa hospitali hakulishika hata kidogo. Alianza kuandika kabla sijamaliza kusema. Akaniambia nipake jeli asubuhi na jioni. Nikamwuliza, "Dokta, iko kitu ingine ya kujua?" Akaita mgonjwa mwingine. Farmasia nao wamenipa tyubu peke yake, bila kartoni, bila karatasi. Kartoni zinatupwa huko njiani ili mzigo wa pikipiki uwe mwepesi. Kwetu dawa zinafika uchi.

Lakini jeli yenyewe ni nzuri, sitasema uongo. Nimejipaka jioni na nimelala bila kugeukageuka.

9 Januari

Tumeanza kuvuna. Tuko wanawake watano wenye mashamba yanayogusana ng'ambo ya kijito, na tunavuna kwa zamu: leo wote kwa huyu, siku nyingine wote kwa yule, na mwenye shamba ndiye anayepika. Zamu ya kwanza ni ya Mado. Kisha Dieudonnée, ambaye ni mkubwa wetu na mama wa kanisa. Kisha Falonne, aliyejifungua miezi michache iliyopita. Kisha Djamila, wifi yangu, dada wa Amisi. Mimi ni wa mwisho kwa sababu nilichelewa kupanda.

Mado ni rafiki yangu kuliko ndugu. Tulijifungua wiki moja, yeye Pitchou na mimi Yassine, na watoto walinyonya kwa yeyote aliyekuwa karibu. Yeye ni Mkristo na mimi Mwislamu, na hilo halijawahi kutuzuia kugombana wala kupatana.

Mpunga tunaukata suke kwa suke, kwa kisu kidogo. Ikifika saa sita mabega ya wote yanalia. Tulipokaa kupumzika nikatoa jeli yangu, nikajipaka chini ya nguo. Dieudonnée akatazama. "Mama Yassine, unajipakala peke yako?"

Aliuliza kwa utani, lakini hapa kwetu kila mtu anajua mwisho wa utani huo. Mwanamke mwenye dawa akajipaka peke yake ndiye huyohuyo watakayemtaja mtoto wa mtu akiugua. Nikazungusha tyubu. Kila mmoja alijipaka mabega na shingo, na Mado akanisifu: "Hii pomadi iko nguvu. Maumivu imekwisha palepale."

Wote wamejipaka. Djamila pia, nimemwona kwa macho yangu.

10 Januari

Kwa Mado tena. Sombe yake, majani yale ya muhogo, ilikuwa na chumvi ya kumtosha ng'ombe. Nimemwambia.

13 Januari

Kwa Dieudonnée. Sasa jeli imekuwa ya kikundi. Asubuhi kabla ya kuanza wananyoosha mikono kama watoto wanaogawiwa njugu. Nimerudi farmasia kununua nyingine, na mtu yule hakuniuliza hata karatasi ya dokta.

Jua la katikati ya mvua hizi ni kali kuliko la kiangazi. Mado, Falonne na Dieudonnée wanavuna na kikwembe kilichofungwa kifuani, mabega wazi. Mimi na Djamila tuna mikono mirefu na ushungi, tunatoka jasho na wao wanatucheka.

15 Januari

Mvua. Ndege wanakula na hakuna wa kuwafukuza.

17 Januari

Kwa Falonne. Anavuna na mtoto mgongoni, kasichana kazuri kanaitwa Laetitia, kanalalia shavu kwenye bega la mama yake. Mado amejikuna kutwa nzima. Amesema ni majani ya mpunga.

18 Januari

Leo asubuhi Pitchou amekuja kuniita. Nimemkuta Mado amekaa chini, kifua wazi, hawezi kuvumilia hata uzi wa nguo. Mabega yamevimba. Shingoni kuna malengelenge makubwa, mengine yamepasuka na yanatoa maji. "Minawaka moto, Mama Yassine," aliniambia. "Minawaka moto mu ngozi." Nilimpepea. Nilitaka kumpaka jeli ile, Mungu anisamehe, na nilikwenda nyumbani kuichukua.

Niliporudi nayo, Dieudonnée alikuwa amefika. Naye ameungua, mabega yote mawili, na mikono mpaka kwenye kiwiko. Aliona tyubu mkononi mwangu akasimama mbele ya Mado, kama mtu anayezuia mlango.

"Usimuguse," alisema. "Njo ile pomadi imetuunguza."

Falonne naye akaingia akilia, na mtoto mikononi. Shavu la kushoto la Laetitia limekuwa jekundu, limevimba mpaka jicho limebaki mstari. Malengelenge madogo madogo yamejipanga pale shavu linapogusa bega la mama. Mtoto wa miezi michache. Nilinyoosha mkono nimshike, na Falonne akarudi nyuma.

Dieudonnée akaniambia nivue ushungi. Nikavua. Nikafungua na vifungo, nikawaonyesha bega langu, maana sikuwa na la kuficha. Ngozi yangu ilikuwa safi, haina hata kipele.

Kisha Dieudonnée akauliza polepole, "Juu ya nini wewe haukuungua?"

Nikasema Djamila pia alijipaka, mkamwulize, naye hakuungua. Wakamtuma Pitchou. Akarudi na jibu la wifi yangu: "Mama Djamila amesema yeye hakupakala hata siku moja."

Nimemtazama Mado. Nilingoja aseme neno moja tu, kwamba huyu namjua. Alitazama chini.

19 Januari

Neno limefika sokoni kabla yangu. Sumu. Mwanamke mmoja ninayeuza naye mboga amehamisha zake zisigusane na zangu.

Nimekwenda kwa Djamila. Amenipokea kwa chai, tena na sukari ya kutosha. Nikamwuliza kwa nini amesema uongo. "Wifi, mi niko na watoto," alisema. "Wakisema tuko wawili, watasema ni mambo ya Waislamu wote. Afadhali mutu moja." Alisema hivyo bila aibu, kama anayenifundisha hesabu. Chai nimeiacha pale.

20 Januari

Nimemngoja dokta tangu saa mbili. Nimemweleza yote, nimemwonyesha tyubu. Hakushangaa hata kidogo. Hilo ndilo limenitoa akili.

"Inafanyaka vile," alisema. "Hii jeli na jua haviendi pamoja. Mutu akipakala, afunike pale fasi, na asitoke na jua, hata wiki mbili kiisha kuacha. Iko imeandikwa ku kartoni."

Nikamwambia kartoni sijaiona maishani mwangu. Akasema hilo ni la farmasia. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema, "Haukuuliza." Mbele ya uso wangu. Nilimwuliza. Nimeliandika hapa tarehe sita, na hata nisingeliandika, masikio yake yalikuwepo.

Kisha akanikaripia yeye. Nani aliniambia nigawe dawa? Dawa aliiandika kwa jina langu, si kwa kijiji. Nikamwambia, dokta, wewe unakaa wapi? Ningejipaka peke yangu katikati ya wanawake wanne wenye maumivu ningeitwa nani? Akasema hayo hayamo katika udaktari.

Amesema walioungua waoshe vizuri, wafunike, wakae kivulini, na mtoto aletwe. Nimemwomba aje awaambie yeye mwenyewe, kwa sababu mimi hawatanisikia. Akajibu kwamba hana muda wa kesi za wanawake wa shamba.

Nimetembea kutoka hospitali mpaka nyumbani bila kumsalimia mtu. Ushungi wangu. Jasho walilokuwa wanalicheka ndilo lililoniokoa, na ndilo linalonishtaki.

21 Januari

Nimekwenda kwa Falonne. Nimesimama nje ya ua kama mkusanya kodi. Nikamwambia kwa sauti aliyoweza kusikia: mfunike mtoto, usimtoe juani, mpeleke hospitali. Mume wake akatoka. Akasema, "Mama, umefanya ya kwanza. Sasa unaleta ya pili." Anaamini nataka mtoto afungiwe ndani ili dawa imalize kazi yake.

Nyuma yake nilimwona Laetitia amelazwa kwenye mkeka, katikati ya ua, juani. Dieudonnée amesema jua linakausha vidonda. Anawaombea walioungua kila asubuhi nje, penye mwanga, na kuwapaka mawese.

Nimepiga kelele. Amisi angekuwepo angeona aibu. Nimepiga kelele mpaka majirani wa Falonne wametoka na mume wake ameokota fimbo.

22 Januari

Amisi amesema tunyamaze, maneno yatapita.

23 Januari

Leo amesema afadhali niende kwa kaka yake kule kijijini Wamaza, nikae huko mpaka wasahau. "Bibi, si kukimbia. Ni kupumuzika." Nikamwambia anayekimbia amekiri, na kwamba yeye anauza vitambaa, hajui kuvuna, hivyo mpunga wangu atauvuna nani? Akasema mpunga si kitu. Mpunga wangu umeinamisha vichwa, unangoja. Nimefanya kazi kwa Mado, kwa Dieudonnée na kwa Falonne, na kwangu hakuna atakayekuja.

Lakini si mpunga unaonikosesha usingizi. Pitchou amepita kwa siri kuniambia jicho la mtoto sasa linatoa usaha.

24 Januari

Nimefikiri kutwa nzima. Wanaamini jambo moja tu: mwenye sumu haungui. Basi niungue.

25 Januari

Pale njia ya mashamba inapoachana na njia ya mjini kuna gogo. Kila aendaye kuvuna hupita hapo. Asubuhi nimeketi juu yake. Nimevua ushungi, nimevua blauzi, nimejifunga kikwembe kifuani kama Mado. Mwanamke wa rika langu, mke wa Amisi, mjukuu wa watu waliojenga msikiti. Nimejipaka jeli mkono wa kulia kuanzia begani mpaka kifundoni. Wa kushoto nimeuacha. Na kila aliyepita nimemwambia: "Tazama. Huu umepakwa, huu haukupakwa. Jua ni moja."

Wengine wamegeuza uso. Vijana wamecheka. Mzee mmoja wa msikitini amenirushia koti lake nijifunike, na nimemrudishia kwa adabu.

Amisi amekuja saa saba. Ametazama mikono yangu, kisha barabara, kisha ameondoka.

26 Januari

Hakuna kitu. Nimejipaka tena, nimeketi tena, mikono miwili sawasawa.

27 Januari

Hakuna kitu. Dieudonnée amesimama mbele yangu na wanawake wa kanisa. Amevaa mikono mirefu siku hizi, kumbe bega linamchoma. Amewaambia wenzake, "Munaona? Sumu haimuumi mwenye sumu." Nami nimeutazama mkono wangu na nimeuchukia. Maisha yangu yote ngozi hii imeungua kwa mafuta, kwa chungu, kwa mvuke wa ubwabwa, na sasa ninapoiomba iungue inaniringia.

Je, kama dokta alisema uongo? Je, kama kweli wengine huungua na wengine hawaungui? Sikumwuliza hilo. Nilidhani siku ile nimeuliza yote.

28 Januari

Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda kwenye gogo hivyo hivyo, nimekaa kwenye mvua, sijui kwa nini.

29 Januari

Jua limetoka kama lililokuwa na deni. Jioni mkono unawasha. Sithubutu kusema.

31 Januari

Umeungua.

Usiku kucha nilikuwa natembea uani, mkono nimeuinua juu. Mado alisema moto ndani ya ngozi, na sasa nimeelewa alisema kweli kabisa. Alfajiri malengelenge yalikuwa yametoka kutoka begani mpaka kifundoni, na yamekoma pale jeli ilipokoma. Mkono wa kushoto mzima. Nimelia na nimecheka, na Amisi ameamka akadhani nimerukwa na akili.

Hakuuliza ruhusa. Amenishika mkono wa kushoto, tukaenda mguu kwa mguu mpaka kwa Falonne, yeye mbele. Mume wa Falonne alitoka tena na fimbo. Amisi, mtu wa kunyamaza, akamwambia, "Weka hiyo. Tazama kwanza." Nikamwonyesha mikono yote miwili. Akatazama muda mrefu. Akaita mke wake.

Falonne alikuja na mtoto. Aliuweka mkono wangu karibu na shavu la Laetitia, akalinganisha. Malengelenge yaleyale, maji yaleyale. Niliona uso wake ukibadilika, na haukuwa uso wa furaha. Alikuwa anahesabu asubuhi zote alizomlaza mtoto juani.

"Nani alikuambia?" aliniuliza.

"Mi njo nilikuambia," nikamjibu. "Ku hii mulango."

Wamekwenda hospitali kwa pikipiki, mtoto amefunikwa kwa ushungi wangu.

2 Februari

Jicho litapona. Shavu litabaki na doa, dokta amesema, labda miaka, labda siku zote. Falonne alinitumia habari kwa Pitchou, kwa maneno machache, na sikumlaumu kwa uchache wake. Dokta alimwuliza kwa nini amechelewa. Alimwuliza yeye.

Amisi amekwenda mwenyewe farmasia na amesimama pale mlangoni, na kila anayenunua jeli anamwambia habari ya jua. Mwenye farmasia amemwomba aondoke. Amekataa. Sikujua kwamba mume wangu anaweza kukataa.

3 Februari

Mkono hauwezi kushika kisu. Nusu ya mpunga wangu imeanguka na ndege wamenona.

5 Februari

Djamila ameleta kuku. Nimempokea kuku.

7 Februari

Wamekuja kuvuna. Sikuwaita. Nilikuwa nimekwenda shambani kutazama kilichobaki, mkono umefungwa kitambaa, nikawakuta tayari wamo ndani ya mpunga: Mado, Dieudonnée, Djamila. Falonne amebaki na mtoto lakini amemtuma mdogo wake. Wote wamefunika mabega. Dieudonnée amejifunga ushungi mkubwa kuliko wangu.

Yeye ndiye aliyesema kwanza, bila kuacha kukata. "Mama Yassine, Mungu amekutetea."

Nikamwambia Mungu hakukaa kwenye gogo. Nadhani ataniombea kwa hilo.

Zamu ni zamu, mwenye shamba anapika. Nimepika kwa mkono mmoja, Pitchou akinigeuzia chungu. Wali na samaki wa Nyangwe. Nilipoweka sahani katikati hakuna aliyenyoosha mkono. Walikuwa wanaona haya, au walikuwa wanaogopa bado, sijui, na sitajua. Nikala mimi kwanza. Kisha wakala, na waliomba kuongezwa, na hata kuomba kwao kumeniudhi.

Jua lilipoanza kushuka Mado alikuja kukaa karibu nami. Mabega yake yamebaki na mabaka meusi. Alichukua mkono wangu, akaufungua kitambaa, akautazama kwa uangalifu, kama tulivyokuwa tukitazamana vidonda vya watoto wetu. Alikuwa analia.

"Unisamehe," alisema. "Sikujua."

Nilikuwa na maneno mengi. Niliyakusanya tangu tarehe kumi na nane. Nilitaka kumwambia kwamba Dieudonnée ni Dieudonnée, na Djamila ni Djamila, lakini yeye alitazama chini. Nilitaka kumwambia kwamba Pitchou, mtoto, alijua njia ya mlango wangu. Yote yakanitoka kichwani, likabaki swali moja.

"Mama Pitchou," nikamwuliza, "na kama huu mukono haungeungua?"

Akanirudishia kitambaa mkononi, taratibu, na fundo akalifunga vizuri kuliko mimi. Kisha akainuka akarudi kwenye mpunga, akakata mpaka hakuna suke lililoonekana. Walipokuwa wanaondoka alisimama mbele yangu.

Nimemwambia arudi kesho, alete jibu.